Ubao mpya katika mashua ya zamani: jinsi mafundi wa Ziwa Tanganyika wanavyoukinga na maji

Utangulizi

Tunapoandika juu ya desturi za wazee wetu, mara nyingi tunaongea ndoa, ngoma, mavuno na kilio. Kazi za mikono tunazisahau, sawa vile si desturi. Lakini kwa sisi watu wa kando ya Ziwa Tanganyika, toka Uvira na Baraka mpaka Kalemie na Moba, mashua ni kama mtu wa nyumba. Njo inaleta ndagala na mikeke, njo inapeleka unga na mawese sokoni, njo inabeba mgonjwa kule barabara haifiki. Na sawa vile mtu anazeeka, mashua nayo inazeeka.

Mashua ikizeeka haitupwi. Fundi anatoa ubao uliooza, anaweka mwingine. Lakini hapo kuna jambo moja linalowashangaza watu wengi: mara nyingi ule ubao mpya unaoza mbele ya ile mbao ya zamani iliyo pembeni yake. Mwenye mashua anakasirika, anasema fundi amemwibia. Pengine ni kweli, pengine hapana. Katika kurasa hizi tunataka kueleza kwa nini inakuwa vile, na namna gani mafundi wa ziwa letu, kwa muda wa zaidi ya miaka 150, walijifunza kuukinga ubao mpya. Ndugu msomaji ataona kama ujuzi huu haukutoka mahali pamoja. Ulikuja kwa njia tatu, na kila njia ilileta kipande chake.

1. Wakati wa mutumbwi wa mti mmoja

Mbele ya mashua ya mbao, wazee walikuwa na mutumbwi uliochongwa katika mti mmoja. Wasafiri wa karne ya 19 waliofika Ujiji waliandika kama mitumbwi mikubwa ilitoka ng'ambo ya magharibi, ni kusema upande wetu, katika misitu ya milima ya Ugoma. Miti ilikuwa mikubwa kule, hasa mvule, ambao wengine wanauita muvula. Watu walikata mti mlimani, wakauchimba kwa shoka na tezo, kisha wakaukokota mpaka ziwani.

Mutumbwi wa namna hii hauna maungio. Adui yake ni jua. Ukiuacha mchangani siku nyingi unapasuka kwa urefu, kwa sababu nje inakauka haraka na ndani bado kuna maji. Njo maana wavuvi waliufunika kwa majani, ao waliuacha katika maji kidogo kidogo ya pembeni. Ufa mdogo uliingizwa nyuzi za mti na kitu cha mafuta.

Hapo tunapata somo la kwanza la wazee: ubao haukingwi na maji tu, unakingwa na ukavu vilevile. Ubao unaokauka na kulowana, kukauka na kulowana, unachoka. Wazee hawakuwa na darasa la fizikia, lakini jambo hili walilijua vizuri.

2. Njia ya Ujiji na neno kalafati

Mwezi wa pili mwaka wa 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji pamoja na wapagazi wao. Mwezi uliofuata Speke alivuka ziwa kwa mutumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, karibu na pwani yetu, kutafuta chombo kimoja cha tanga cha mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamid bin Sulayyim. Hakupewa kile chombo kwa wakati aliotaka. Lakini habari hii inatufundisha kitu: katika mwaka ule tayari chombo cha mbao chenye tanga, mfano wa vile vya pwani, kilikuwa katika Tanganyika. Nyuma ya miaka kidogo viliongezeka. Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka wa 1874, alipata vyombo vya kukodi, akazunguka kusini mwa ziwa na kuona mto Lukuga unapotokea, mahali Kalemie iko leo.

Pamoja na biashara ya Waarabu na Wangwana, biashara iliyoleta pembe na vilevile mateso mengi ya utumwa, mafundi wa pwani walileta kazi mpya. Chombo cha mbao kina maungio mengi, na kila ungio ni mlango wa maji. Basi pwani walikuwa na kalafati, ni kusema kuziba maungio kwa pamba ao nyuzi zilizolowa mafuta, zikipigwa kwa patasi butu na nyundo. Juu ya mbao walipaka sifa, yaani mafuta ya papa. Chini, mahali panapokaa ndani ya maji, walipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa.

Tanganyika haina papa. Sifa ingetoka wapi? Mafundi wakatazama kile kilichokuwa karibu: mawese. Pamba iliyolowa mawese ikawa kalafati ya ziwa letu, na mpaka leo bado inapigwa hivyo, upande wetu na upande wa Kigoma. Ni hekima, kwa maana mawese hayakauki kama rangi. Yanabaki laini ndani ya ungio, pamba haishibi maji upesi, na ubao ukivimba pamba inasongana bila kuvunjika.

Lakini mafundi wa zamani walijua vilevile ubaya wa mawese. Ukiyapaka kwenye uso wa ubao hayafanyi ngozi. Yanabaki mafuta tu, yanashika vumbi, na rangi ukiipaka juu yake inatoka kama gamba la samaki. Kwa hiyo mawese ni ya pamba, si ya ubao wote. Kijana anayelowesha ubao mzima mawese halafu anatafuta rangi ishike, huyo anapoteza feza ya mwenye mashua.

Neno lenyewe kalafati lina safari ndefu. Ni neno lililopita katika Kiarabu, likaingia Kiswahili cha pwani, likapanda na misafara ya Tabora mpaka Ujiji. Neno lilelile wanabahari wa Ulaya walilichukua kwa Waarabu, na Wafaransa wanasema calfater. Kwa hiyo Wabeleji walipofika na shantiye zao na kumwamuru mfanyakazi kwa Kifaransa, kumbe walikuwa wanamrudishia neno alilokwisha kulijua kwa njia ingine. Lilifika ziwani mara mbili, mara ya kwanza kwa mguu toka mashariki, mara ya pili kwa meli na treni toka magharibi.

3. Maji ya chumvi na maji matamu

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu njo moyo wa jambo.

Baharini, adui mkubwa wa mbao ni mdudu anayetoboa, wa jamaa ya chaza, mwenye mwili mrefu kama mnyoo. Anaingia akiwa mdogo sana, anachimba njia ndani, na kwa nje huoni kitu. Deheni ilitengenezwa hasa juu yake. Chumvi, kwa upande mwingine, inasaidia mbao, kwa maana kuvu inayoozesha miti haipendi chumvi.

Katika ziwa letu mambo yanageuka. Yule mdudu wa bahari hawezi kuishi katika maji matamu, hayuko Tanganyika. Lakini kuvu iko kila mahali. Kuvu haitaki ubao uliozama kabisa, kwa sababu kule hewa haitoshi. Haitaki vilevile ubao mkavu. Inataka ubao wenye unyevu wa katikati, zaidi ya sehemu 20 kwa 100, na hewa, na joto. Yaani inataka hasa ndani ya mashua: kando ya mbavu, chini ya sakafu, mahali maji ya mvua yanakaa bila njia ya kutoka, na nyuma ya ubao pale unapoegemea ubavu.

Basi fundi wa ziwa akiiga fundi wa bahari bila kufikiri, atapaka sana upande wa nje chini, na atasahau upande wa ndani na mahali pa kufichama. Mashua yake itaonekana nzuri siku ya kuishusha majini. Baada ya masika mawili, ubao mpya umekuwa laini kama mkate. Ule wa zamani pembeni yake bado mgumu, kwa sababu ulikuwa moyo wa mvule, na maungio yake yalikwisha kushiba mafuta miaka mingi.

4. Wakati wa mapadri, vita na shantiye za Wabeleji

Njia ya tatu ni ya Wazungu. Mwaka wa 1878 Edward Coode Hore, baharia wa misioni ya London, alifika Ujiji. Chombo chake cha kwanza cha kuzunguka ziwa, alichokiita Calabash, kilikuwa mutumbwi wa mti mmoja aliotengeneza upya kuwa chombo cha tanga. Hapo tayari ujuzi wa wazee na ule wa wageni ulikutana katika chombo kimoja. Upande wetu, kituo cha Mpala kilianzishwa mwaka wa 1883, na Albertville, ambayo ni Kalemie ya leo, ilianzishwa mwishoni mwa mwaka wa 1891.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, mbao ilifanya safari ambayo wanafunzi wetu wanapenda sana kuisikia. Waingereza walileta mashua mbili za motere, Mimi na Toutou, za urefu wa karibu metre 12 kila moja, zenye mwili wa mti wa akaju. Ziliondoka Uingereza mwezi wa 6 mwaka wa 1915, zikapanda treni toka Cape Town mpaka Fungurume katika Katanga. Toka Fungurume mpaka Sankisia zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke, ng'ombe na mikono ya watu weusi wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Kisha treni tena, mto Lualaba toka Bukama mpaka Kabalo, na treni ya mwisho mpaka Lukuga, mwishoni mwa mwezi wa 10. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli ya Wadachi Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Msomaji afikirie: mbao nyembamba zilikaa miezi nje ya maji, katika jua la kiangazi cha Katanga. Ubao wa hivyo unakauka na kujikunja, maungio yanafunguka. Mbele ya kupigana na mtu, mashua inapigana na ukavu wake yenyewe.

Kisa kingine cha vita ile si cha mbao lakini kinafundisha jambo lilelile. Wadachi walipokimbia Kigoma mwezi wa 7 mwaka wa 1916, waliizamisha meli yao kubwa Graf von Götzen, lakini kwanza walipaka motere zake grisi nene. Waingereza waliiinua mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Chuma kiliponea miaka mingi ndani ya maji kwa sababu ya kazi iliyofanywa mbele ya maji kuingia. Kinga inayokuja nyuma ya maji ni dawa iliyochelewa.

Nyuma ya vita, kampuni ya reli ya CFL, iliyokuwa imefikisha reli Albertville mwaka wa 1915, iliendelea na bandari na kazi za meli pale. Katika shantiye za namna ile mafundi wetu walizoea vitu vipya: mafuta ya lini yaliyochemshwa, mastiki, gudroni na minium, ile rangi nyekundu yenye risasi. Mafuta ya lini yanakauka na kufanya ngozi, kazi ambayo mawese hayawezi. Kwa hiyo ujuzi ukagawanyika vizuri: lini kwa uso wa ubao, mawese kwa pamba ya ungio. Miaka ya 1950 uvuvi wa nyavu kubwa na taa ulipokua, mashua za mbao zikaongezeka sana, na wale waliojifunza katika shantiye wakawafundisha watoto wao pwani.

5. Kazi yenyewe

Sasa tueleze kazi, kwa kufuatana.

Kwanza, kuchagua. Fundi mzuri anatazama moyo wa mti, ile sehemu ya katikati yenye rangi ya giza. Nyama nyeupe ya nje ina chakula cha kuvu, haifai chini ya maji. Kama mashua ni ya mvule, atatafuta mvule. Ubao wa mti mwingine unavimba kwa kipimo chake mwenyewe, nao utasukumana na jirani yake kila masika.

Pili, kukausha kivulini. Mbao zinapangwa na vijiti katikati ili upepo upite. Juani zinapasuka vichwani. Ubao mbichi haupokei mafuta, kwa maana nafasi imekwisha kujaa maji.

Tatu, kukata kilichooza mpaka kufika penye uzima. Hapa mwenye mashua anaanza kulia juu ya bei, anasema, «Fundi, toa kidogo tu.» Lakini kuvu ikibaki upande wa zamani, inavuka na kuingia upande mpya. Ukichoma kisu na kinaingia bila nguvu, bado hujafika.

Nne, na hapa njo wengi wanakosea: kuukinga ubao mbele ya kuupigilia. Ubao una nyuso nne na vichwa viwili. Kichwa kinakunywa maji kuliko uso, kwa sababu mirija ya mti imefunguka pale kama majani ya kunywea pombe. Basi mafuta ya lini yaliyopashwa moto kidogo, mbali na ndimi za moto, yanapakwa pande zote, na vichwani yanarudiliwa mara tatu, mara ine, mpaka ubao ukatae. Tundu za misumari nazo zinapata mafuta. Ubavu wa zamani, pale ubao mpya utakapoegemea, unakwanguliwa, unakaushwa na kupakwa. Ukimwuliza fundi mzee kwa nini anapoteza mafuta mahali hakuna mtu ataona, atakujibu kwa kifupi: «Maji yataona.»

Tano, kupigilia. Misumari iliyopakwa zinki ni bora. Musumari mtupu unapata kutu, na kutu inakula mti kuzunguka tundu. Kati ya ubao na ubavu inawekwa mastiki ili maji yasipate chumba.

Sita, kalafati. Kama mashua imekaa nje miezi mingi, maungio yatakuwa wazi. Kijana mwenye nguvu atapiga pamba mpaka ijae kabisa, afurahi. Lakini mbao zikirudi majini zinavimba, pamba haina pa kwenda, na mbao zinang'oka katika mbavu. Fundi mzoefu analowesha kwanza mbao kwa maji siku kadhaa, kisha anapiga pamba kwa kiasi. Juu ya pamba anafunga na mastiki ao gudroni.

Saba, ndani. Chini ya kila ubavu kunaachwa njia ndogo ya maji, kusudi maji ya mvua yakimbie mpaka mahali pa kuchotea. Ndani hapamwagwi gudroni nene pote, kwa maana ubao unaofungwa pande zote na bado una maji ndani yake unaozea gizani.

Mwisho, mashua inashushwa na kufungwa pwani siku mbili tatu. Itavuja, watu wanachota, kila siku inavuja kidogo. Ikiisha kutulia, njo inaruhusiwa kwenda mbali.

6. Hatari tunazoziona

Katika pwani zetu tunaona njia za mkato. Ya kwanza ni bati. Kipande cha bati kinapigiliwa juu ya mahali palipooza, na gudroni pembeni. Maji yanaingia nyuma ya bati, hayatoki tena, na tundu za misumari zinafanya milango mipya. Bati linafaa kufika nyumbani, si kufanya mwaka.

Ya pili ni vidange, mafuta machafu ya motere. Ni ya bure, kwa hiyo wanayapenda. Hayakauki, rangi haishiki juu yake, na yanaingia katika maji ambayo watoto wanachota kwa kunywa. Ya tatu ni minium ya zamani. Ilikuwa kinga nzuri, lakini risasi yake ni sumu, hasa kwa watoto. Fundi anayekwangua rangi nyekundu ya zamani alowanishe kwanza, afunge pua na mdomo, na vumbi lake asiliache mchangani.

Haya si maneno ya uzuri wa mashua tu. Mwezi wa 12 mwaka wa 2014, meli Mutambala ilizama katika Tanganyika, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024, Merdi ilizama katika Ziwa Kivu, karibu na bandari ya Kituku ku Goma, ikichukua makumi ya watu. Katika ajali hizi mbili walisema hasa juu ya mzigo na watu kupita kipimo, na katika ile ya Tanganyika vilevile upepo. Hatusemi zilizama juu ya ubao. Lakini dhoruba haichagui. Mashua yenye ubao laini ndani, mzigo ukiwa mwingi na mawimbi yakipanda, haina nafasi ya kusamehewa.

Mwisho

Tumeona kama kinga ya ubao mpya ni urithi wa mikono mingi. Wachonga mitumbwi wa Ugoma walituachia elimu ya jua na kivuli. Watu wa pwani walituachia kalafati, na ziwa likaifundisha kutumia mawese. Shantiye zilileta mafuta yanayokauka. Kilicho chetu ni kuvichanganya kwa kufuata maji yetu matamu, ambayo yanaozesha toka ndani.

Tunaomba mambo matatu. Wenye mashua walipe siku za kukausha na kupaka, wasihesabu zile za kupigilia tu. Chama chetu kikusanye majina ya vyombo na vitendo vya kazi hii katika lugha zetu, Kibembe, Kitabwa, Kiholoholo na zingine, mbele ya mafundi wazee kututoka. Na sisi walimu tupeleke wanafunzi pwani siku moja, siku ubao unapopakwa mafuta na bado haujapigiliwa. Siku ya kushusha mashua majini watakuja wenyewe kwa ngoma. Ile ya kupaka mafuta haina ngoma, na watu wengi hawajawahi kuiona.